BoneView na wenzake: programu za kusoma eksirei zinaona nini, na wapi hazioni

Ukitaja akili mnemba kwenye tiba ya mifupa, wengi hukimbilia kuwaza roboti kashika msumeno. Roboti yupo, na tutamgusa mbele kidogo. Lakini kwa hospitali ya wilaya yenye mashine moja ya eksirei na foleni inayotoka hadi nje ya mlango, kinachostahili kujadiliwa kwanza ni kitu kisicho na mbwembwe: programu inayopokea picha, inaipitia, kisha inachora kisanduku pale inapodhani mfupa umevunjika.

Tunayoipima hapa ni BoneView, ya kampuni ya Gleamer ya Paris. Washindani wake wa karibu ni Rayvolve ya AZmed na TechCare Alert ya Milvue, nazo za Ufaransa, pamoja na RBfracture ya Radiobotics ya Copenhagen. Januari 2025, NICE, taasisi ya Uingereza inayopima kama tiba au kifaa kinastahili fedha za umma, ilikubali zote nne zitumike kwa wagonjwa wa dharura huku ushahidi zaidi ukiendelea kukusanywa. Tabia nyingi tutakazozieleza hapa ni za ukoo mzima, si za BoneView peke yake.

Hukumu yetu tuitoe mapema, asiye na muda asihangaike: hili ni jicho la pili zuri na jicho la kwanza baya. Anayelinunua ili limsaidie tabibu atapata thamani ya pesa yake. Anayelinunua ili asiajiri mtu wa kusoma picha anajitafutia kesi.

Inavyofanya kazi

Mgonjwa anapigwa picha kama kawaida. Mashine ya dijitali inatoa picha ya muundo wa DICOM, yaani aina ya faili inayotumika kwa picha za tiba. Nakala moja inakwenda kwenye hifadhi ya picha ya hospitali, yaani PACS, na nyingine inaelekezwa kwenye programu. Mchakato wenyewe unaweza kufanyika kwenye seva iliyomo hospitalini au kwenye seva ya mbali kwa njia ya intaneti. Matokeo yanarudi kama picha za ziada ndani ya faili lilelile la mgonjwa. Picha halisi haiguswi. Daktari akikerwa na visanduku anavifunga, anabaki na picha safi, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa.

Visanduku vina lugha yake. Mstari mzima maana yake programu ina uhakika. Mstari wa vipande vipande maana yake ina shaka. Wageni wengi huuchukulia mstari wa vipande kama "hapana" iliyosemwa kwa adabu, na hapo ndipo wanapokosea. Uchukulie kama mwenzako kasimama nyuma ya kiti chako, kanyoosha kidole, kasema "hebu paangalie hapo tena." Mbali na mivunjiko, BoneView huonyesha pia kiungo kilichochomoka, maji yaliyojaa ndani ya kiungo, na sehemu ya mfupa yenye dosari inayotiliwa shaka.

Isichofanya nacho kijulikane. Haikwambii kipande kimesogea milimita ngapi, kimepinda nyuzi ngapi, wala kama mgonjwa afungwe hogo au apelekwe chumba cha upasuaji. Kupima pembe ni kazi ya bidhaa nyingine ya kampuni hiyohiyo, BoneMetrics. Kukadiria umri wa mifupa ya mtoto ni bidhaa nyingine tena. Muuzaji akikuonyesha zote tatu kwenye skrini moja, muulize kwa sauti ipi imo kwenye bei aliyokutajia.

Halafu kuna suala la maeneo. Programu inasoma mikono, miguu, mabega na mitulinga, nyonga na fupanyonga, mbavu, na uti wa mgongo wa kifua na wa kiuno. Fuvu, uso na shingo havimo. Kwa hospitali inayopokea majeruhi wa bodaboda usiku kucha hilo si pengo dogo. Aliyeanguka na pikipiki huletwa akilalamikia mguu, ilhali kinachoweza kumuua au kumpooza kiko kichwani na shingoni. Picha ya shingo ikirudi bila kisanduku, mtu mgeni kazini anaweza kusoma "salama", kumbe programu haikuiangalia kabisa. Bandika karatasi pembeni ya skrini, herufi kubwa: SHINGO NA KICHWA HAIZISOMI. Ni kinga ya bei rahisi kuliko zote.

Namba, na jinsi ya kuzisoma

Utafiti unaotajwa sana kuhusu BoneView ulichapishwa katika jarida la Radiology. Picha za wagonjwa 480 zilisomwa na watu 24 wa fani sita, kuanzia madaktari bingwa wa mionzi na wa mifupa hadi madaktari wa familia. Bila msaada, wasomaji waliwagundua asilimia 64.8 ya waliovunjika. Walipopewa programu wakafika 75.2. Upande wa pili, wale ambao hawakuvunjika walitambuliwa kwa usahihi asilimia 90.6 bila programu, na 95.6 nayo. Muda wa kusoma ulipungua kwa wastani wa sekunde 6.3 kwa kila mgonjwa.

Zigeuze asilimia hizo ziwe foleni ya watu. Chukua wagonjwa 100 walioumia, 30 kati yao wamevunjika kweli. Kwa viwango hivyo, msomaji asiye na programu atawarudisha nyumbani kama 11 wenye mvunjiko. Akiwa nayo, kama 7. Kati ya 70 wasiovunjika, atawafunga hogo la bure kama 7 bila programu na 3 akiwa nayo. Watatu au wanne wanaookolewa kwa kila 100 si haba. Lakini wale 7 wanaoendelea kupita nao wakumbukwe, kwa sababu hao wanaondoka na picha ambayo mtu ameiangalia na mashine imeiangalia, na bado wameambiwa hakuna kitu.

Jambo la pili: wasomaji wa utafiti walikuwa na picha, hawakuwa na mgonjwa. Tabibu wa kweli ana kidole. Anaweza kubonyeza pale panapouma, na kubonyeza huko kuna thamani ambayo utafiti wa namna hii haukuipima. Kwa hiyo faida halisi kwa tabibu anayempima mgonjwa vizuri inaweza kuwa ndogo kuliko namba hizo, na kwa yule anayesoma picha bila kumgusa mtu ikawa kubwa zaidi. (Wa aina hiyo wapo, tena wengi, hasa zamu ya usiku.)

Jambo la tatu ni chakula ilicholishwa. BoneView ilifunzwa kwa picha za majeruhi kutoka taasisi za Ufaransa, yaani watu walioumia leo wakapigwa picha leo. Kwetu mgonjwa anaweza kuwa amekaa wiki tatu kwa fundi wa viungo, amefungwa vijiti na majani, na mfupa umekwisha kuanza kuunga vibaya. Donge la mfupa mpya, ncha zilizoviringika, kivuli cha vijiti: hayo si majeraha iliyozoeshwa kuyatafuta. Kwa mgonjwa aliyechelewa, soma picha mwenyewe kwanza, kisha ndipo ufungue visanduku.

Picha mbovu haiokoki

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na ndipo wauzaji wanapopita haraka. Programu inasoma picha iliyopigwa. Haisomi mguu, haisomi mgonjwa. Mpiga eksirei akikosea mkao, akili yote iliyolipiwa inafanya kazi juu ya kivuli.

Tuchukue kifundo cha mkono. Mtu kaanguka akajikinga kwa kiganja, maumivu yako kwenye kile kishimo kinachojitokeza chini ya gumba unapolinyoosha juu. Hapo mshukiwa ni skafoidi, mfupa mdogo wenye umbo la korosho. Damu yake huingilia upande wa vidole na kurudi nyuma kuelekea kigashani, hivyo ukikatika kiunoni kile kipande cha nyuma kinaweza kukosa damu kikafa polepole. Ukipiga picha mbili tu, ya juu na ya ubavuni, skafoidi inakuwa imeinama na ufa wake unajificha ndani ya mkunjo. Kinachotakiwa ni picha ya tatu ya mshazari na ya nne ambayo kiganja kimegeuzwa kuelekea upande wa kidole kidogo, ili skafoidi inyooke yote. Na ile ya ubavuni iwe ya ubavuni kweli, mifupa miwili ya kigasha imelaliana. Ikiwa imeachana, rudia.

Hata picha zote nne zikiwa safi, ufa mpya wa skafoidi unaweza usionekane siku ya kwanza kwa jicho lolote, la mtu au la mashine. Kisanduku kisipotokea na kishimo kinauma, mgonjwa anafungwa, anarudi baada ya siku 10 hadi 14, anapigwa picha tena. Utaratibu huo ulikuwepo kabla ya akili mnemba na haujabadilika. Hospitali itakayoufuta kwa sababu "programu imesema hakuna" itawajua wagonjwa wake baada ya mwaka, wakirudi na kifundo kisichoweza kubeba ndoo.

Nyonga ya mzee inataka uangalifu wa namna nyingine. Mguu ukilazwa ovyo hugeukia nje, shingo ya mfupa wa paja inaonekana fupi, na ufa mwembamba unafunikwa. Geuza vidole vya miguu vielekee ndani nyuzi 15 hivi kabla ya kubonyeza, ila kama mguu umekwisha kufupika na kugeuka wenyewe basi usiulazimishe, jibu umekwisha kulipata. Mzee ambaye hawezi kusimama, na picha yake haina kisanduku, bado ana nyonga iliyovunjika mpaka CT au MRI iseme vinginevyo.

Unyayo nao. Mifupa ya katikati ya unyayo inaweza kuachana pale tu uzito unapokaa juu yake. Ukipiga picha mgonjwa amelala, inajipanga kama askari wa gwaride. Anayeweza kusimama apigwe amesimama, miguu yote miwili kwa kulinganisha.

Na kuna picha ambayo haikupigwa kabisa. Kifundo cha mguu kikipindwa kwa nguvu, mfupa mwembamba wa nje unaweza kukatika juu kabisa, karibu na goti, wakati kifundoni kunaonekana uvimbe na nafasi iliyopanuka tu. Picha ikiishia kifundoni, hakuna programu duniani itakayochora kisanduku nje ya fremu. Ni mkono wa tabibu unaopanda kutoka kifundoni hadi gotini ndio utakaoligundua hilo.

Upande wa kompyuta una makosa yake, madogo na sumbufu:

Sehemu ya mwili ikiandikwa vibaya kwenye DICOM, kwa mfano goti likaitwa "kifua" kwa sababu ndicho chaguo la kwanza kwenye menyu, picha inaweza kupelekwa njia isiyo yake na kurudi bila jibu.

Tarehe ya kuzaliwa ikiwekwa 01/01/1900 kwa wote wasiojua umri wao, mtoto wa miaka 6 anasomwa kama mkongwe. Hilo si mzaha. Umri unahusu moja kwa moja kama mstari mweusi mfupani ni gegedu la ukuaji au ni ufa.

Wanaotumia kaseti za CR, zile zenye bamba linalopigwa picha kisha kusomwa na mashine nyingine, wajue kwamba mkwaruzo au vumbi kwenye bamba huacha mstari mweupe au mweusi ulionyooka. Mstari huo huo ukitokea mahali pale pale kwa wagonjwa watatu mfululizo, aliyeumia ni bamba. Lisafishe, na lifutwe kila asubuhi hata kama halikutumika jana, la sivyo kivuli cha mgonjwa wa juzi kinaweza kubaki.

Picha iliyopigwa kwa simu kutoka kwenye filamu iliyoning'inizwa dirishani, ikatumwa WhatsApp, isiingizwe humo. Imebanwa, imepinda, ina mwanga wa dirisha, na programu haikuandaliwa kwa kitu hicho.

Inapodanganyika

Visanduku vya bure vina mahali vinapopenda kutokea. Pembeni ya unyayo, kwenye kitako cha mfupa unaoelekea kidole kidogo, mtoto wa miaka kumi hivi ana kipande cha mfupa kinachokua. Mstari wake unakwenda sambamba na urefu wa mfupa. Mvunjiko wa kweli wa pale hukata kwa upana. Pia ya goti kwa baadhi ya watu imezaliwa vipande viwili, kipande kidogo kikiwa kona ya juu upande wa nje, kingo zake laini, na mara nyingi goti la pili nalo liko hivyo. Nyuma ya kifundo cha mguu kuna kimfupa cha ziada ambacho wengine wanacho na wengine hawana. Ndani ya mifupa mirefu kuna tundu la mshipa wa damu linalopita kwa mshazari, jembamba, lenye kingo zilizokolea. Mkunjo wa ngozi, bandeji, kifungo cha nguo, hogo la zamani: vyote vinaweza kuchora ufa.

Dawa yake ni moja: kisanduku kikitokea, bonyeza mahali hapo kwa kidole. Pasipouma, jiulize mara mbili kabla ya kuloweka plasta.

Kinyume chake ni hatari zaidi kwa sababu hakina kelele. Kisanduku kimoja kikubwa hushika jicho lote. Mtu anaona mfupa wa kigasha umekatika, kisanduku kiko palepale, anaridhika, anaacha kuangalia kiwiko ambako kichwa cha mfupa wa pili kimechomoka. Kanuni ya zamani ya kuonyesha kiungo cha juu na cha chini ya mvunjiko kwenye picha iliwekwa kwa ajili ya kesi hiyo, na kisanduku hakikuifuta.

Kuna tahadhari nyingine isiyoonekana kwenye eksirei yoyote. Muundi uliovunjika unaweza kuvimba ndani ya misuli hadi damu ishindwe kupita. Dalili ni maumivu yasiyolingana na jeraha, yanayozidi ukimnyoosha mgonjwa vidole vya mguu. Kisanduku kitakuwa sahihi kabisa juu ya muundi, na mguu utakuwa unakufa chini yake.

Watoto

Marekani iliidhinisha BoneView mwaka 2022, kwanza kwa watu wazima. Watoto waliongezwa baadaye, kuanzia miaka 2. Chini ya miaka 2 haitumiki, wala NICE haikubali programu hizi kwa umri huo. Mtoto mchanga mwenye mfupa uliovunjika anahitaji daktari na maswali ya taratibu kwa mlezi, si kisanduku.

Kwa wakubwa zaidi, kiwiko ndicho mtihani. Vituo vya mfupa hutokea kimoja kimoja kadiri mtoto anavyokua, kuanzia karibu mwaka 1 hadi miaka 11 hivi, na kila kimoja kwa wakati wake kinafanana na kipande kilichokatika. Msomaji mzuri hatafuti ufa peke yake. Anatafuta kivuli cheusi cha mafuta nyuma ya kiwiko kwenye picha ya ubavuni. Kikionekana, ndani kuna damu, na kwa mtoto aliyeanguka chukulia amevunjika hata kama ufa hauonekani. Hapa kipengele cha kuonyesha maji ndani ya kiungo kinalipa vizuri kuliko kisanduku cha mvunjiko. Lakini kiwiko kipigwe kikiwa kimekunjwa nyuzi 90. Kikinyooshwa, yale mafuta ya nyuma husukumwa nje yenyewe na kukudanganya.

Intaneti, umeme, siri za mgonjwa

Hesabu ya mtandao ifanyeni kabla ya mkutano na muuzaji. Picha ya pikseli 2,500 kwa 3,000, kila pikseli ikichukua baiti 2, ina megabaiti 15. Picha mbili ni 30. Kama kasi yenu ya kupakia ni megabiti 2 kwa sekunde, hizo ni dakika 2 kabla programu haijaanza hata kazi. Ubanaji usiopoteza ubora hupunguza mzigo kwa karibu nusu. Pimeni kasi ya kupakia, si ya kupakua, na mpime saa nne asubuhi wakati ofisi nzima iko mtandaoni, si saa kumi na mbili jioni. Mtandao ukiwa wa kubahatisha, ombeni seva ya ndani pamoja na UPS yake, na mwulize nani atakuja kuitengeneza ikizimika Ijumaa usiku.

Hospitali isiyo na PACS haijafungiwa mlango. Orthanc, seva ya DICOM ya bure iliyoanzia Liège, Ubelgiji, inaweza kukaa kwenye kompyuta ya kawaida ikapokea na kusambaza picha. Inahitaji kijana wa TEHAMA mwenye subira, haihitaji leseni.

Kuhusu siri: Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Muuzaji atasema jina linaondolewa kabla ya picha kutoka. Linaondolewa kwenye maelezo ya faili. Mashine nyingi za kaseti huchapa jina juu ya picha yenyewe, kona ya juu, na hilo linasafiri hivyohivyo hadi Ulaya. Zima uchapaji huo kwenye mashine, kisha fungua picha moja iliyokwisha kutumwa uhakikishe kwa macho.

Na yule roboti?

Anayejulikana zaidi kwa goti na nyonga ni Mako, ya Stryker, iliyoinunua kampuni ya Mako mwaka 2013. Ruhusa ya Marekani ya kubadili goti zima ikaja 2015. Hafanyi upasuaji peke yake. Mgonjwa anapigwa CT kabla, kompyuta inatengeneza mfano wa mifupa yake, daktari anapanga ukubwa na pembe za goti bandia. Chumbani, pini zinafungwa kwenye paja na muundi zikiwa na alama zinazoonwa na kamera, daktari anagusa nukta nyingi juu ya mfupa kwa kalamu maalumu ili kompyuta ijue mfupa uko wapi hasa, ndipo msumeno unashikwa. Mkono wa roboti unamwacha daktari akate ndani ya mipaka, unakataa akitoka nje. Pini ikilegea baada ya nukta kuguswa, kila kipimo kinahama nayo. Msaidizi akisimama mbele ya kamera, kazi inasimama. Tundu la pini linaweza kuwa chanzo cha mvunjiko baadaye. Na Mako hutumia viungo bandia vya Stryker tu, kwa hiyo unanunua mashine pamoja na duka lake.

Kwa kituo kinachobadili magoti kila wiki, kina mjadala wa kufanya. Kwa hospitali ambayo bado inasubiri misumari ya kuunganishia mapaja, si mjadala wa mwaka huu.

Kabla ya kusaini

Omba majaribio ya picha zenu wenyewe. Chukua wagonjwa 200 waliofuatana, bila kuchagua, wa miezi sita iliyopita, ambao majibu yao yamekwisha kujulikana kwa CT, upasuaji au picha ya marudio. Kati yao wawemo watoto, wenye hogo, waliochelewa, na picha mbovu zenu za kila siku. Muuzaji atapendekeza msafishe, kataeni. Andika mafungu manne: programu ilichoona kweli, ilichokosa, ilichozusha, na picha zilizorudi bila jibu. Fungu la mwisho ndilo linalosahaulika, na kwa kawaida ndilo linaloonyesha kama mashine yenu na programu vinaelewana.

Soma bei kwa makini kama ni ya kila mgonjwa au ya mwaka. Ikiwa ni ya kila mgonjwa, uliza kama picha ya marudio baada ya siku 10 inahesabiwa upya, kwa sababu ni wagonjwa hao hasa ambao hamtaki kuwabania. Uliza sasisho jipya likija nani anaarifiwa, maana programu ya Machi inaweza isiwe ile mliyoijaribu Januari. Wekeni kando picha 50 za ile seti yenu na mzipitishe tena kila baada ya sasisho. Na kabla ya yote, mkubaliane kwa maandishi nani anafungua visanduku, baada ya kuandika maoni yake mwenyewe au kabla. Sisi tungeweka baada.